Kubadili na Kupima Betri ya Baiskeli Kuukuu ya Umeme: Mwongozo Kamili

Malalamiko yanayonifikia ni yale yale. Mtu ana baiskeli ya umeme ya zamani, ile ya betri kavu nne za risasi, za volti 12 kila moja, chini ya kiti. Amekwenda Kariakoo, amenunua betri ya lithiamu iliyoandikwa 48V, fundi ameifunga mchana huo huo. Siku chache baadaye moto, yaani umeme wa mota, unakatika akiwa anapanda Mlimani kuelekea Chuo Kikuu. Au betri haijai. Au chaja inachemka mpaka inanuka.

Karibu wote wamelinganisha namba moja tu, ile 48. Zipo namba tatu zinazoamua kama kazi itasimama: volti za betri ikijaa, volti ambazo kontrola, yaani kiboksi kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota, inakata moto, na ampea ambazo kontrola inavuta. Ukizijua hizo kabla ya kutoa pesa, nusu ya kazi imekwisha. Nusu nyingine ni kupima betri mezani kabla haijagusa baiskeli, na hapo ndipo watu wengi wanaruka.

Nimeandika kwa baiskeli ya volti 48. Kama yako ni ya 36, yaani ina betri tatu, hatua ni hizi hizi. Hesabu ndiyo inabadilika, nami nitaitaja panapohusika.

## Vifaa, kabla ya chochote

- Multimita ya kidijitali inayopima volti za DC, yaani umeme wa betri.
- Mita ya wati ya kuunga katikati ya waya, inayoonyesha volti, ampea, na ampea-saa (Ah) zilizopita. Hakikisha inabeba volti 60 au zaidi.
- Taa nne za gari aina ya H4, 12V 60/55W, pamoja na soketi zake. Zilizotumika zinafaa, mradi nyuzi zote mbili za ndani ziwe nzima.
- Waya laini wa shaba wa milimita 4 za mraba, au 6 kama mota yako ni kubwa.
- Plagi za XT90. Zipo zinazoandikwa XT90-S, zenye kizuizi cha cheche. Chukua hizo.
- Fyuzi ya DC ya volti 60 au zaidi, na kishikizo chake.
- Pasi na risasi ya kulehemu, na mipira ya kusinyaa kwa joto.
- Glavu, miwani, na spana zilizozungushiwa tepu mpaka karibu na mdomo.
- Vipande vya tyubu kuukuu, sponji ngumu na mikanda ya kufungia.

Kuhusu fyuzi, usikubali ile ya kawaida ya gari. Hiyo imetengenezwa kwa mfumo wa volti 12 au 24, na kikomo chake huwa ni volti 32. Kwenye volti 50 na kitu inaweza kuungua ndani huku cheche ikiendelea kuruka, na umeme usikatike.

Betri na chaja hazimo kwenye orodha kwa makusudi. Hizo utanunua baada ya hatua ya pili.

## Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa uko kwenye betri

Dar ni mji wa pwani, na hewa yake ina chumvi. Baiskeli inayolala Kigamboni au Kunduchi hupata kutu ya kijani kwenye viunganisho vya shaba, na kiunganisho kibovu kinatoa dalili zile zile za betri iliyochoka: nguvu inapungua, moto unakatika mlimani. Ukibadili betri hapo, umenunua kitu kipya na tatizo limebaki pale pale.

Chaji betri zote nne mpaka chaja iwashe taa ya kijani. Ziache zipumzike saa nne au zaidi, kisha pima kila moja peke yake. Betri nzima inasoma volti 12.7 au juu kidogo. Inayosoma chini ya 12.4 baada ya kuchajiwa vizuri ni ya kutilia shaka.

Lakini volti za kupumzika zinadanganya. Betri inaweza kusoma 12.8 ikiwa imekaa na ikaanguka mara tu inapopewa kazi. Chukua taa moja ya H4, unga nyuzi zake zote mbili kwa pamoja, yaani ile ya 60 na ile ya 55, kisha iwashe kwa betri moja. Inavuta ampea 9 hivi. Iweke juu ya kigae au tofali kwa sababu kioo kinachoma, na tazama mita kwa dakika 5. Betri nzima inatulia karibu na volti 12. Iliyochoka inashuka chini ya 11. Ikigusa 10.5, hiyo imekufa.

Mara nyingi utakuta moja au mbili ndizo mbovu na nyingine zinajikongoja. Usibadilishe moja tu. Betri zimeungwa kwa mfuatano, kwa hiyo mpya na kuukuu zitajaa na kuisha kwa nyakati tofauti, na ndani ya muda mfupi ile mpya nayo itakuwa mgonjwa.

Sasa viunganisho. Funga betri, mtu aegemeze gurudumu la mbele ukutani bila kushika breki, maana breki nyingi hukata mota, na kukaza mkono wa gesi kidogo kwa sekunde mbili tatu, huku wewe umeweka ncha za mita pande mbili za kiunganisho kimoja, waya unaoingia na waya unaotoka. Kiunganisho kizuri kinasoma chini ya volti 0.1. Kikisoma 0.5 au 1, kikate na ubadilishe, halafu urudie kipimo hiki. Wapo watakaoishia hapa, na hayo yatakuwa matengenezo ya bei rahisi kuliko yote.

## Hatua ya 2: Soma kontrola yako

Kontrola ni kile kiboksi cha alumini kinachopokea nyaya zote, mara nyingi chini ya kiti au nyuma ya ubao wa kukanyagia. Futa vumbi, usome lebo. Andika mambo haya kwenye karatasi:

Volti: 48V. Ampea za juu: pengine 17A, 22A au 25A. Volti za kukata: lebo nyingi za 48V zinaonyesha 42V, kwa kutoa au kuongeza moja.

Hiyo 42 ilipangwa kwa ajili ya betri za risasi. Betri moja ya volti 12 haitakiwi kushuka chini ya 10.5, na 10.5 mara nne ni 42. Kontrola haijui kama umebadilisha betri. Itaendelea kukata hapo hapo.

Hapa ndipo siri ya kukatika moto mlimani ilipo. Betri nyingi za lithiamu zinazouzwa kama 48V zina seli 13, yaani betri ndogo za ndani zilizoungwa kwa mfuatano, za aina ya NMC. Zikijaa ni volti 54.6, na zimetengenezwa zishuke mpaka 39 hivi. Ukifika kilimani betri ikiwa na robo iliyobaki, mzigo unaivuta volti chini, inagusa 42, kontrola inakata. Unasimama, volti inapanda tena, moto unarudi. Mwenye baiskeli anaamini ameuziwa betri mbovu, kumbe ni namba mbili zisizopatana.

Usijaribiwe kupanda hadi volti 60 ili upate mwendo. Ndani ya kontrola nyingi za 48V kuna kapasita zenye kikomo cha volti 63, na betri ya 60V ikijaa inavuka hapo. Kapasita ikipasuka, kontrola nayo imekwenda.

## Hatua ya 3: Chagua betri, na uipime dukani

Kwa baiskeli ya zamani iliyotumia risasi, na kwa joto letu, ninapendekeza lithiamu ya aina ya LiFePO4 yenye seli 16. Kila seli ina volti 3.2, jumla 51.2. Ikijaa ni 58.4, karibu kabisa na ambako betri nne za risasi hufika zikiwa kwenye chaja, kwa hiyo kontrola haishtuki. Ikifika 42 kila seli bado ina volti 2.6, kwa hiyo kontrola inakata mahali panapofaa. Seli hizi pia hustahimili joto zaidi kabla ya kushika moto kuliko NMC, na hudumu mizunguko mingi zaidi ya kuchaji. Kasoro yake ni ukubwa na uzito, basi pima sanduku lako kwa rula kabla ya kutoka nyumbani. Kwa baiskeli ya 36V tafuta seli 12: volti 38.4, ikijaa 43.8.

Ndani ya betri lazima kuwe na bodi ya ulinzi, inayoitwa BMS. Hiyo ndiyo inayokata betri isijazwe kupita kiasi, isiishe kupita kiasi, na isivutwe kupita uwezo wake. Ampea zake za kudumu ziwe mara moja na nusu ya za kontrola au zaidi. Kontrola ya 17A inataka BMS ya 30A. Muuzaji akikutajia ampea za "juu kabisa", muulize za kudumu.

Ukubwa: zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa. Betri ya 51.2V 20Ah ina wati-saa 1,024. Baiskeli nzito ya namna hii bila kukanyaga hutumia wati-saa 15 hadi 20 kwa kilomita kwenye barabara ya kawaida, kwa hiyo tegemea kilomita 50 au zaidi kidogo. Zile nne za risasi za 12Ah zilikuwa na 576 kwenye karatasi, na zilipokuwa mpya hukuzimaliza zote.

Sasa jambo ambalo litakuokoa pesa: nenda na betri kwenye mizani. Kariakoo haikosi mizani. Lebo inaandikwa chochote, lakini uzito hauandikwi. LiFePO4 ya 51.2V 20Ah inapaswa kuwa na kilo 9 au 10 hivi. Betri ya NMC ya 48V 20Ah huwa karibu kilo 6. Ukiletewa kiboksi cha kilo tatu na nusu kilichoandikwa 20Ah, humo ndani hakuna 20Ah, hata muuzaji awe mcheshi namna gani. Muage kwa heshima uende duka jingine.

Dukani hapo hapo, pima volti. Betri iliyokaa vizuri ghalani inasoma kati ya 51 na 53.5. Inayosoma chini ya 45 imeachwa ikaisha. Usiichukue hata kwa punguzo. Kagua pia kama imevimba, na kama risiti inaandika aina ya seli na muda wa dhamana.

## Hatua ya 4: Chaja mpya, bila mjadala

Hapa watu wanabana matumizi, na hapa ndipo ajali za moto zinapoanzia. Chaja ya risasi ya 48V hupandisha hadi volti 59 hivi, halafu inashuka na kuendelea kulisha betri kidogo kidogo. Betri ya NMC ya seli 13 inatakiwa kuishia 54.6. Ukiiunga na chaja ya zamani, kinachobaki kati yako na ajali ni ile BMS peke yake, na hukuinunua iwe mlinzi wa pekee.

Nunua chaja iliyoandikwa aina ya betri yako na volti yake ya mwisho: 58.4V kwa LiFePO4 ya seli 16. Ampea 3 hadi 5 zinatosha kwa betri ya 20Ah. Iwashe ikiwa haijaungwa na betri, pima kwenye plagi yake: isome kati ya 58.1 na 58.7. Baadhi ya chaja hazitoi volti mpaka zione betri. Ikisoma sifuri, pima ikiwa imeungwa, betri inapokaribia kujaa.

Angalia pia plagi. Baiskeli nyingi za betri za risasi zina tundu la kuchajia linalofanana kabisa na la nyuma ya kompyuta. Mtoto, au mgeni mwenye nia njema, anaweza kuchukua waya wa kompyuta ulioko ukutani na kuuchomeka humo: volti 230 moja kwa moja kwenye betri. Tena mpangilio wa chanya na hasi kwenye matundu hayo hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Ondoa tundu hilo, weka la aina nyingine kabisa, na thibitisha chanya na hasi kwa mita kabla ya kuunga.

## Hatua ya 5: Jaribio la mezani

Chaji betri mpya mpaka chaja ikate yenyewe, kisha iache kwenye chaja saa mbili zaidi. BMS nyingi husawazisha seli mwishoni mwa chaji tu, kwa hiyo ukichomoa haraka mara ya kwanza unaziacha seli zikiwa na viwango tofauti. Fanya hivyo mchana, ukiwepo, juu ya sakafu ya saruji.

Ipumzike saa kadhaa. Isome kati ya 53.3 na 54.5. Usishangae kuona imeshuka kutoka 58.4. Ndiyo tabia ya seli hizi. Kama BMS yako inaunganishwa na programu ya simu, tazama seli moja moja: tofauti kati ya ya juu na ya chini isizidi volti 0.03 wakati betri imepumzika.

Kisha taa. Unga taa zote nne kwa mfuatano, kila moja kwa uzi wake wa 55W, na mita ya wati kati ya betri na taa. Kila taa inapata volti 13 hivi, kama ilivyo kwenye gari, na mkondo unakuwa karibu ampea 4.6. Zipange juu ya vigae, mbali na pazia na watoto. Betri ya 20Ah itawasha kwa saa nne na dakika kadhaa.

Kaa nayo karibu. Saa tatu za kwanza volti haitasogea sana, itazungukazunguka 52 na 51, na ndiyo maana ile taa ya kiwango cha chaji kwenye usukani, iliyotengenezwa kwa risasi, haitakusaidia tena: itaonyesha imejaa mpaka karibu na mwisho. Volti ikianza kuporomoka chini ya 48, mwisho umekaribia. Ikifika 44 zima mwenyewe. Soma ampea-saa kwenye mita.

Ukipata 19 au zaidi, umeuziwa kilichoandikwa. Kuanzia 18 inakubalika. Chini ya 16, irudishe na picha ya mita, ndani ya dhamana. Ukiunga nyuzi za 60 nazo kwa dakika chache, mkondo unafika ampea 9 na volti haitakiwi kushuka zaidi ya moja na nusu. Ikishuka zaidi, kuna seli dhaifu au kiunganisho kibovu ndani.

Irudishe kwenye chaja siku hiyo hiyo. Lithiamu iliyoisha haitakiwi kulala hivyo.

## Hatua ya 6: Kufunga

Vua pete na saa. Volti 50 si nyingi kwa mwili mkavu, lakini spana ikigusa chanya na hasi kwa pamoja inayeyuka mkononi.

Fyuzi ikae kwenye waya chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana, si zaidi ya sentimita 20. Waya ulioko kabla ya fyuzi haulindwi na chochote, kwa hiyo uwe mfupi. Kwa kontrola ya 17A weka fyuzi ya 25A, na kwa ya 25A weka ya 35A au 40A.

Lehemu plagi upande mmoja mmoja. Maliza chanya, vika mpira wa kusinyaa, ndipo uguse hasi. Upande wa betri uwe na plagi jike, ili shaba isibaki wazi. Kila waya unaopita kwenye tundu la chuma uvishwe mpira, maana mtikisiko wa matuta utaukata taratibu.

Ndani ya sanduku zungushia tyubu na sponji mpaka betri isichezecheze hata ukitikisa baiskeli nzima. Funga kwa mikanda. Usiibane kwa boliti inayogusa mwili wa betri.

Kwa ajili ya masika, nyaya ziingie sandukuni kutokea chini na zipinde kabla ya kuingia, ili maji yadondokee nje. Toboa tundu dogo chini ya sanduku: unyevu utaingia tu, na unahitaji njia ya kutoka. Na barabara ikijaa maji, kama Jangwani inavyofanya, usivuke. Mota inaweza kustahimili, betri haitastahimili.

Kabla ya kuwasha, kipimo cha mwisho: ncha moja ya mita kwenye fremu ya baiskeli, nyingine kwenye chanya, kisha kwenye hasi. Isome sifuri, au namba ndogo inayofifia. Ikisimama kwenye volti nyingi, kuna waya umechubuka na kugusa chuma. Utafute kwanza.

## Hatua ya 7: Barabarani

Safari ya kwanza iwe fupi, mchana, barabara ya tambarare ya mtaani kwako. Baada ya robo saa simama, zima, gusa plagi na fyuzi kwa kidole. Uvuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuacha kidole hapo, kiunganisho hakijashika na inabidi ulehemu upya.

Safari ya pili tafuta mlima, betri ikiwa nusu. Mita ya wati ikiwa bado imeungwa, tazama volti ya chini kabisa uliyofikia. Kama haikushuka chini ya 47 na moto haukukatika, mfumo umepatana. Ikikata huku volti iko 50, mkosaji ni BMS yenye ampea ndogo. Rudi hatua ya 3.

Safari ya tatu ni njia yako ya kila siku. Andika kilomita na ampea-saa. Mgawanyo wa hizo mbili ndio kipimo chako cha kiwango cha chaji kuanzia sasa, mpaka utakapofunga kipimo cha lithiamu.

## Kuchaji nyumbani na betri za zamani

Usichaji umelala, wala mlangoni au kwenye korido ambayo ndiyo njia ya kutokea. Wengi tunaishi chumba kimoja au viwili, kwa hiyo chaji jioni ukiwa macho, mbali na godoro. Umeme ukikatika, chomoa chaja, subiri dakika chache baada ya kurudi, ndipo uchomeke. Betri ikianza kuvimba, kufuka moshi au kutoa harufu tamu ya kemikali, usiibebe: toa watu, funga mlango, piga Zimamoto 114.

Zile nne za risasi usiziache uani. Zina asidi ya salfa na risasi, na watoto huchezea kila kitu. Wauzie wanunuzi wa betri chakavu wenye kibali cha taka hatarishi, na usimpe yeyote anayezivunja na kumwaga maji yake mtaroni. Zisafirishe zikiwa wima, ncha zake zimefunikwa tepu.